Uongo wa Chungu cha Pembe Nne

Makumbusho yenyewe yalikuwa vyumba viwili tu, juu ya maktaba ya mji, na kabla ya kuingia tulivuliwa viatu tukapewa ndara za kitambaa. Mama mkwe wangu alizitazama zile ndara, akanitazama mimi, akasema kwa Kimatengo kwamba hakujua amekaa angani siku nzima ili aje kuvishwa viatu vya wodini. Nilijizuia kucheka. Mkalimani wetu akauliza Mama amesema nini. Nikamjibu kuwa amezipenda sana.

Tulikuwa Japani kwa sababu ya kahawa. Sisi ni kikundi cha wanawake wakulima, huko milimani nje ya Mbinga, na watu wanaonunua kahawa yetu wanaishi katika mji mdogo uliozungukwa na milima kama ya kwetu. Walitualika wawili tukaone inavyokaangwa na inavyonywewa. Mama mkwe alikwenda kwa kuwa ndiye mwenyekiti. Mimi nilikwenda kwa kuwa ni katibu, na kwa kuwa kikundi kizima kilijua kwamba mwenyekiti hawezi kukaa wiki nzima bila mtu wa kumgombeza.

Mimi si Mmatengo. Ni Mnyasa wa mwambao wa ziwa, karibu na Mbamba Bay, niliyeolewa huko juu kwenye baridi. Kimatengo nimejifunzia jikoni kwa mama mkwe, na maneno ya kwanza kuyajua yalikuwa yale ya kuniambia nimekosea. Tulikuwa na miaka kumi na minane ya kuishi pamoja, na ukiondoa ugali, tulikuwa tunapatana.

Ugali ndio ulioharibu asubuhi ile. Tukiwa tunakunywa chai, wenyeji walituuliza kupitia mkalimani kwamba nyumbani nani hupika. Mama mkwe akajibu kwa Kiswahili kizuri kabisa, polepole, ili mkalimani asikose neno: "Anapika mkwe wangu. Ana bidii. Ila ugali wake una mabonge." Mkalimani akatafsiri. Meza nzima ilinigeukia kwa huruma. Mzee mmoja alinimiminia chai nyingine.

Siku hiyo tulipaswa kwenda kuona mashine kubwa ya kukaangia, lakini iliharibika, wenyeji wakahaha kutafuta pa kutupeleka. Ndipo wakakumbuka makumbusho ya mji wao, yanayoonyesha maisha ya watu wa kale waliokaa kwenye milima ile miaka elfu nyingi iliyopita, kabla ya mpunga kufika kwao.

Aliyetupokea alikuwa mwalimu mstaafu, mzee mwembamba mwenye kofia ya kitambaa, anayejitolea pale siku mbili kwa wiki. Shingoni alining'iniza kidaftari kwa uzi, na penseli. Mama mkwe alimwona ana mvi kumzidi, akamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Mkalimani akamnong'oneza jambo, yule mzee akainama hadi karibu na magoti, akatamka silabi moja moja: "Ma-ra-ha-ba." Tangu hapo Mama akampenda.

Mkalimani alikuwa binti aliyesomea Kiswahili chuoni. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi, hakina kunyanzi hata moja. "Je, mngependa tuanze na vigae?" akatuuliza. Tukasema tungependa.

Kulikuwa na vigae, mashoka ya mawe, mawe ya kusagia, na sanduku la kioo lililojaa mifupa ya nguruwe pori na maganda ya njugu za msituni. Mama mkwe aliinama juu ya sanduku lile muda mrefu.

"Haya si ya jalalani?" akauliza.

Mwalimu alifurahi mno. Ndiyo, alisema, ni jalala lao. Karibu kila tunachokijua kuhusu watu hawa tumekipata katika walivyovitupa.

 Tulipopiga hatua chache Mama akanivuta mkono. "Tukifika nyumbani," akasema kwa Kimatengo, "taka zote tunachoma. Asije mtu akatuanika."

Kisha tukafika kwenye chungu.

Kilikuwa peke yake katikati ya chumba, chini ya taa yake. Nimelelewa na mfinyanzi, mama yangu mzazi anafinyanga mpaka leo, lakini sijawahi kuona chungu cha namna ile. Chini kilikuwa chembamba, juu kinapanuka, na kwenye mdomo zilisimama pembe nne zilizojikunja kama ndimi za moto, zenye matundu na mikunjo. Mwilini kilikuwa na alama za kamba iliyoviringishwa kwenye udongo mbichi. Mwalimu alisema enzi yenyewe inaitwa Jomoni, maana yake ni alama za kamba. Pembe tatu zilikuwa nzima. Ya nne ilivunjika zamani na kipande chake hakikupatikana.

Alituonyesha weusi wa chakula kilichoungulia ndani. Kilipikiwa, alisema, hakikuwa pambo. Lakini pembe ni za nini, wataalamu wanabishana mpaka leo. Wengine wanasema moto, wengine maji, wengine kishungi cha ndege. Akaichomoa penseli. Nyinyi mnatoka kwa watu ambao bado wanapikia vyungu vya udongo, alisema. Mkikitazama mnaona nini?

Mama mkwe alikizunguka mara mbili. Akasema kwa Kimatengo, taratibu kabisa:

"Aliyekifinyanga hiki hajawahi kukiosha."

 Lilikuwa neno la kweli. Mtu yeyote aliyewahi kukwangua ukoko angeona kwamba katika yale matundu na mikunjo uji ungeganda usitoke mpaka kiama. Lakini yule mzee alikuwa amesimama kando ya chungu kama mtu aliyesimama kando ya mtoto wake siku ya kumaliza shule. Sikuweza kumwambia. Na hapo hapo nikakumbuka mabonge.

"Mama anasema," nikaanza, "kimemkumbusha chungu cha bibi harusi."

Mkalimani akatafsiri. Mwalimu akafungua ukurasa mpya.

"Kwetu bibi harusi hupewa chungu cha pembe nne," nikaendelea. Ulimi ulikuwa umeshateleza na mimi niko nyuma yake. "Pembe moja ni ya mume, moja ya baba mkwe, moja ya wifi na moja ya mama mkwe. Mama mkwe akimwonea, yule binti anaivunja pembe yake. Hasemi neno. Mgeni akija anaona mwenyewe."

Mama mkwe alinigeukia polepole. Kiswahili anakijua sawasawa, amekitumia kusali na kuongoza mikutano tangu mimi sijazaliwa. Nilimkwepa macho, nikatazama chungu.

Mwalimu alikuwa anaandika kwa kasi. Alipomaliza aliitazama ile pembe iliyovunjika kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, akatoa sauti ndogo kooni. Akauliza kama kuna lolote la kuongeza.

"Lipo," akasema Mama mkwe, kwa Kiswahili. "Mkwe wangu amesahau nusu, Mwalimu. Mama mkwe naye ana haki yake. Binti akipika ugali wenye mabonge, mama mkwe anakigeuza kile chungu, pembe iliyovunjika inaelekea ukutani. Na yule binti anaanza kufundishwa kupika upya, kama mtoto."

"Hufundishwa kwa muda gani?" akauliza mkalimani kwa niaba ya Mwalimu.

"Huyu ninayemjua mimi ni miaka kumi na minane," akajibu Mama. "Na bado."

Yote yaliandikwa. Nilihesabu kurasa tatu. Mwalimu alituinamia, kwanza Mama, kisha mimi, na sisi tukainama, tukiwa tumeng'ata midomo kwa ndani, kila mmoja akiogopa kumtazama mwenzake.

Katika chumba cha pili kulikuwa na mfano wa kilima uliotengenezwa kwa udongo, wenye mashimo kwa safu mteremko mzima. Mwalimu alieleza kuwa ni mitego, watu wale waliichimba wakanasia nguruwe na paa. Hapo utani ulimwishia Mama mkwe. Alisogea karibu mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Hizi ni ngolo," akasema.

Na akaeleza vizuri, kama anavyowaeleza mabwana shamba vijana wanaopangiwa kwetu bila kujua kitu: kwamba Wamatengo tunalima kwenye miteremko mikali, tunafyeka majani tunayapanga kwa mistari inayokatana, wanawake wanachimba udongo wa katikati na kuyafunika, na panapochimbwa panabaki shimo. Mvua ikinyesha maji yanatulia mashimoni badala ya kuondoka na shamba. Maharage na mahindi yanaota kwenye kingo. Kilima kizima kinakuwa mashimo, safu kwa safu. Alisema "tunalima" na "tunafyeka" akinijumlisha na mimi, jambo ambalo hulifanya mara chache.

Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. Alitabasamu, akasema ni jambo la kuvutia. Kisha akaipachika penseli nyuma ya sikio.

Tulipokuwa tunashuka ngazi Mama alisema, "Uongo wetu ameuandika kurasa tatu. Ukweli ameuweka nyuma ya sikio."

Kabla ya kuondoka kulikuwa na meza ya watoto, yenye udongo na vipande vya kamba, ujaribu mwenyewe kutia alama kama wale wa kale. Mikono yangu ilinisaliti. Nilifinyanga kichungu kidogo haraka haraka, jinsi nilivyofundishwa utotoni, nikakizungushia kamba. Mwalimu aliona, akauliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia ukweli, kwa mama yangu, ziwani. Akauliza kama nimewahi kukifinyanga kile cha pembe nne.

"Bado," nikasema. Jibu hilo lingenitosha kutubu mwaka mzima.

Nyumbani tulisimulia mambo mengi, choo chenye kifuniko kinachofunguka chenyewe, treni isiyotikisika, jinsi kahawa yetu inavyonukia ikiwa mbali na sisi. Chungu hatukukitaja. Kilikuwa kitu chetu wawili. Nikipika ugali, Mama alikuwa akinyoosha mkono na kugeuza sufuria kuelekea ukutani, mume wangu akitutazama asielewe tunachochekea.

Miezi ikapita. Siku moja tuko kwenye vichanja tunachambua kahawa iliyokuwa inakauka, simu yangu ikaingia ujumbe kutoka kwa yule mkalimani. Kulikuwa na picha mbili. Ya kwanza ni ya chungu chenyewe chini ya taa yake. Ya pili ni ya kadi mpya iliyosimamishwa kando yake, yenye maandishi ya Kijapani, na chini yake mkalimani ametuandikia tafsiri. Kadi ilisema kuwa kwa watu wa Mbinga, Tanzania, chungu cha namna hii hupewa bibi harusi, na pembe iliyovunjika ni malalamiko ya mkwe. Habari ya mabonge nayo ilikuwapo, katika mstari wake.

Mkalimani aliongeza kwamba wageni wanaipenda sana kadi ile, na madarasa mawili ya shule yameshaletwa kuisoma. Mwalimu anatusalimu. Ana ombi moja. Je, tungeweza kumtumia chungu cha pembe nne kutoka Mbinga, akiweke ubavuni mwa kile cha kale?

Nilimsomea Mama mkwe. Alicheka hadi akakaa juu ya gunia, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akaokota punje mbovu, akaitupa.

"Kifinyange," akasema.

"Mama, hakuna chungu cha namna hiyo."

"Ndiyo maana nimesema kifinyange. Kikishakuwapo, kipo."

Nilipanda basi hadi ziwani nikiwa na picha ya chungu kwenye simu. Mama yangu mzazi anaishi mita chache kutoka mchangani, anafinyanga chini ya kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba. Hakuniuliza maswali. Aliitazama picha, akaguna, akanifinyangia mwili wa chungu kwa muda ambao mimi ningekuwa bado naponda udongo. "Pembe utatia mwenyewe," akasema, "mimi sijui zinakokwenda."

Nilizitia. Zilinichukua kutwa nzima. Tukakiacha kikauke, na siku ya kuchoma tukakipanga pamoja na vyungu vyake vya kuuza, tukavifunika kwa kuni na magome na nyasi kavu. Majivu yalipopoa, vyungu vyake vyote vilitoka vizima, vyekundu, vikilia vizuri ukivigonga. Changu kilitoka na pembe moja. Tatu zilikuwa majivuni. Nilizipachika wakati mwili umeshaanza kukauka, kosa ambalo mtoto wa mfinyanzi hapaswi kulifanya.

Mama yangu alizifukua moja moja kwa kijiti, akazipanga mchangani mbele yangu.

"Sasa niambie," akasema. "Ni za nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, ndara, mabonge, kurasa tatu. Nilitegemea acheke, maana mama yangu hucheka upesi. Nilipofika penye miaka kumi na minane alicheka kweli. Halafu akauliza, "Hao watoto wa shule wanaoletwa pale, wanaandika kwenye madaftari?"

"Nadhani wanaandika."

Alifuta mikono kwenye kanga yake kuukuu. "Basi hicho kisitoke hapa. Mpelekee huyo mwalimu hiki." Akanipa chungu chake kimoja cha kupikia mboga, kisicho na urembo wowote zaidi ya mstari mmoja shingoni. "Na umwambie mwenyewe, mwanangu. Usimtume yule binti akusemee kama jambo la pembeni. Andika barua."

Niliona aibu kuliko nilivyotarajia. Njia nzima ya kurudi Mbinga, chungu kikiwa mapajani kimefungwa kwa blanketi la mtoto, nilikuwa naitunga barua kichwani, na kila namna nilivyoianza ilionekana kama utani mwingine.

Mama mkwe nilidhani atabisha. Alisikiliza, akauliza mama yangu alisema hivyo kwa sauti gani, nikamwambia. "Andika," akasema, "lakini usiandike kana kwamba ulikuwa peke yako." Niliandika kwamba hakuna chungu cha bibi harusi chenye pembe, si Mbinga wala ziwani, kwamba nilitunga kwa sababu nilikuwa nimeudhika asubuhi ile, kwamba mama mkwe aliongeza kwa sababu nilimchokoza, na kwamba tunaomba radhi. Niliweka sahihi. Yeye akaweka yake, kisha akafungua mkoba, akatoa muhuri wa kikundi, akaugonga katikati ya sahihi zetu.

"Mama, huu ni muhuri wa mambo ya kahawa."

"Ni muhuri wa mwenyekiti," akasema.

Barua niliipiga picha nikaituma siku ile ile, chungu kikafuata kwa mizigo pamoja na sampuli za kahawa. Wiki mbili hatukusikia kitu. Nilikuwa naangalia simu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Mama mkwe alijifanya hajali, lakini kila jioni aliuliza kama mtandao upo.

Jibu lilipokuja lilikuwa refu. Mkalimani aliandika kuwa Mwalimu aliisoma barua akiwa amesimama, kisha akakaa. Kadi aliiondoa kwa mkono wake siku hiyo hiyo. Halafu akaenda mwenyewe kwenye ile shule, akasimama mbele ya madarasa yote mawili, akawaambia kwamba habari ya pembe haikuwa kweli, na kwamba kosa ni lake kwa kuandika jambo kabla ya kuuliza mara ya pili. Watoto walisikitika sana. Wachache walikataa kabisa kuamini, wanasema ilikuwa nzuri mno kuwa uongo.

Nilisoma mstari ule wa kosa ni lake mara kadhaa. Hapo ndipo iliponiuma. Tulikuwa tumemchezea mtu anayekwenda kujisuta mbele ya watoto kwa ajili ya upuuzi wetu.

Lakini hakuwa amemaliza. Chungu cha mama yangu kilifika salama, kipo kwenye kioo, na kadi yake haina kitu ila mahali kilipotoka. Anataka kuiandika vizuri, kwa hiyo ametutumia maswali ishirini na moja, na safari hii anaomba tusimwonee huruma. Nusu yalikuwa kuhusu chungu. Nusu yalikuwa kuhusu ngolo: upana wa shimo, kina chake, majani yanalala upande gani wa mteremko, nani anachimba na nani anafyeka. Alitaka na picha. Nilipomaliza kusoma maswali ya ngolo, Mama mkwe aliomba niyasome tena.

Mama yangu mzazi alipanda kutoka ziwani mwezi uliofuata, alikuja kwenye kipaimara cha mtoto wetu, na nikaona nisiipoteze nafasi. Niliwakalisha wote wawili uani siku iliyofuata, mimi katikati na daftari. Maswali ya ngolo yalikwenda vizuri, Mama mkwe alijibu kama anatoa ushahidi mahakamani, akamtuma mume wangu shambani na kamba ya kupimia. Tukafika kwenye chungu. Swali lilikuwa rahisi: chungu kipya hufanywa nini kabla ya kupikiwa mara ya kwanza?

"Kinachemshiwa uji mwepesi wa muhogo," akasema mama yangu. "Ukishapoa unaumwaga."

"Maji ya pumba za mahindi," akasema Mama mkwe. "Muhogo unaacha harufu."

"Unaacha harufu kwa asiyejua kuuloweka."

"Sisi huku hatuloweki kitu, tuna mahindi."

Walinitazama wote wawili kunisubiri niandike la nani. Niliwaambia sikusikia vizuri, warudie. Wakarudia, kwa sauti zaidi, na safari hii kila mmoja aliongeza jambo kuhusu jiko la mwenzake. Niliandika majibu yote mawili, moja chini ya jingine, kila moja na mahali lilikotoka, nikafungua ukurasa wa swali la kumi na tatu.

"Hilo nalo linahusu nini?" akauliza Mama mkwe.

"Kuosha," nikasema.

Wote wawili wakasogeza vigoda karibu.